Aya Hukatwa Pale Inapoanza Kumgusa Msomaji

Mweka hazina aliyekula fedha za kikundi siku hizi hahitaji wakili. Anahitaji 1 Wakorintho sura ya 6. Atasimama mbele ya wanachama, Biblia mkononi, sauti ameilainisha, aseme Paulo amekataza ndugu kushitakiana mbele ya watu wasioamini, na kwamba heri mtu adhulumiwe kuliko kulitia kanisa aibu. Wenye hasira watatazamana. Aliyekuwa ameshakwenda kuulizia kituo cha polisi ataanza kujiona yeye ndiye mkosaji.

Nilikaa kwenye kikao cha namna hiyo Kirumba, hapa Mwanza, cha akina mama wanaonunua dagaa pale mwaloni na kuwaanika. Wengi wao wanasali pamoja. Fedha za mzunguko zilikuwa zimeyeyuka, na waliokuwa karibu kupokea walikuwa wameshaahidi ada shuleni. Mweka hazina alisoma aya ya kwanza mpaka ya saba, vizuri tu, bila kigugumizi, akafunga kitabu. Bibi mmoja aliyekalia ndoo iliyofudikizwa, ambaye tangu kikao kianze hakuwa amesema neno, akamwambia:

"Mwanangu, usifunge. Tusomee na ya nane."

"Mayu, nadhani ujumbe umeeleweka."

"Soma tu, mwanangu. Mimi macho hayaoni vizuri."

Ya nane inasema kwamba ninyi wenyewe ndio mnaodhulumu na kunyang'anya, tena ndugu zenu. Ya tisa na ya kumi zinawaweka wanyang'anyi kwenye orodha ya watu ambao hawataurithi ufalme wa Mungu. Na ya tano, ambayo ilikuwa imesomwa harakaharaka, inauliza kama kweli kwenu hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu na ndugu. Kwa hiyo Paulo hakusema kesi isisikilizwe. Alitaka isikilizwe nyumbani, na mdhulumu aambiwe kuwa ni mdhulumu. Kikao kilibadilika sura palepale.

Tumezoea kusema kwamba wanaopotosha Maandiko hawajui. Hawakupita chuo cha Biblia, hawajui historia, basi tuwahurumie na kuwafundisha. Mimi sikubaliani, au nakubali kwa sehemu ndogo sana. Asiyejua hukata ovyo. Leo ataishia katikati ya sentensi, kesho atachukua sura nzima isiyohusika. Lakini aya zinazotumika vibaya katika mji huu hazikatwi ovyo. Chukua moja baada ya nyingine utazame msomaji aliishia wapi, na mara nyingi utakuta ameishia pale sura inapomgeukia yeye. Mkato ule unaonyesha kwamba anaijua aya inayofuata.

Tuanze na Malaki 3, maana hakuna sura iliyochoka kama hii. Kabla kapu la sadaka halijapita inasomwa aya ya nane, "Je! Mwanadamu atamwibia Mungu?", halafu ya kumi yenye madirisha ya mbinguni. Wanaosomewa ni muuza mihogo wa Buzuruga, kijana wa bodaboda ambaye pikipiki si yake na jioni ana hesabu ya kupeleka, na binti wa kazi za ndani aliyeruhusiwa kutoka saa mbili. Wanaambiwa wao ni wezi. Sasa panda juu aya tatu tu. Katika aya ya tano Mungu anasema anakuja kuhukumu, na atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na wale wanaomwonea kibarua katika mshahara wake, wanaomwonea mjane na yatima, wanaompotoshea mgeni haki yake. Kibarua na mshahara wake! Yule binti wa kazi za ndani, ambaye labda anadai miezi miwili, ameketi benchi moja na mwajiri wake, na sura imefunguliwa mahali penyewe, lakini macho ya msomaji yanaruka kutoka hapo hadi kwenye zaka. Ukipanda zaidi, sura ya 2 inaanza kwa kuwaambia makuhani waziwazi kwamba amri ile inawahusu wao. Kitabu kizima kina sura nne. Utakimaliza kabla daladala haijajaza abiria.

Halafu kuna Kumbukumbu la Torati 14, inakoelezwa zaka yenyewe jinsi ilivyokuwa ikitumika. Mtoaji anaipeleka mahali patakatifu na kuila huko, yeye na nyumba yake, wakifurahi mbele za Mungu. (Kileo nacho kimetajwa katika vitu anavyoruhusiwa kununua kwa fedha hiyo. Sijawahi kuisikia aya hiyo kwenye kipaza sauti.) Kila mwaka wa tatu zaka inawekwa mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale washibe. Mjane katika Torati yumo kwenye zaka kama mlaji. Kwetu yumo kama mtoaji, tena ndiye anayepigiwa makofi akitoa cha mwisho alichonacho. Sisemi watu wasitoe. Shule na zahanati nyingi za makanisa kanda hii zimesimama juu ya sadaka za watu wa kawaida. Nasema anayesoma aya ya nane na ya kumi asome na ya tano, kwa sauti ileile.

Na akitokea wa kuuliza fedha zimekwenda wapi, jibu liko tayari: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Zaburi 105:15. Hiyo hufunga mjadala. Sasa, zaburi ile inamzungumzia nani? Inamzungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa bila shamba wala mji. Aya iliyotangulia inasema Mungu aliwakemea wafalme kwa ajili yao. Wanaoonywa ni wakubwa wenye majeshi, na wanaolindwa ni wahamiaji wasio na mtetezi. Sisi tumeipindua juu chini: mwenye msafara wa magari na walinzi ndiye masihi, na mama aliyeomba kuona risiti ya mabati ndiye mfalme anayekemewa. Nathani alimwambia Daudi usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo," na Daudi alikuwa amepakwa mafuta kwelikweli, pembe nzima. Paulo alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia. Watu wa Beroya walikwenda kumkagua Paulo mwenyewe kama anayosema ndivyo yalivyo, na Matendo 17:11 inawaita waungwana kwa kufanya hivyo.

"Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi" haihitaji maneno mengi. Ipo Mathayo 7:1. Katika sura hiyohiyo, aya ya 15, tunaagizwa kujihadhari na manabii wa uongo, na kuwatambua kwa matunda yao. Utawatambuaje bila kuwapima?

Hapa kuna msomaji atakayesema: basi umetunyang'anya hata aya zetu za kujifariji. Tuizungumzie Yeremia 29:11, maana hiyo ndiyo iko nyuma ya daladala, kwenye kalenda, kwenye kadi za mahafali na kwenye ukuta wa saluni. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ni barua. Yeremia aliiandika Yerusalemu ikapelekwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Kabla yake, katika sura ya 28, nabii Hanania alikuwa amesimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatakuwa yamekwisha na mateka watarudi. Akaivunja hata nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, watu wote wakitazama. Hanania alikufa mwaka uleule. Barua ya Yeremia ikaja na habari tofauti kabisa: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozeni watoto wenu, utakieni amani mji mliohamishiwa, na msidanganywe na manabii walio kati yenu. Mtarudi baada ya miaka sabini. Aya ya 10 ndiyo yenye miaka sabini, na ya 11, hii ya kwenye kalenda, inafuata mara moja.

Maana yake watu wazima waliosikia barua ile ikisomwa walijua kwamba wengi wao watazikwa Babeli. Mawazo ya amani yalikuwa ya wajukuu. Na aya iliyoandikwa dhidi ya nabii wa "miaka miwili tu" leo ndiyo inayouzwa na manabii wa "mwezi huu hautaisha". Hanania amefufuka na anamnukuu Yeremia. Ningekuwa mwandishi wa vichekesho nisingeweza kutunga jambo kama hili.

Lakini mwanafunzi wa chuo pale Malimbe aliyefeli somo, akaibandika aya hiyo juu ya kitanda chake ili apate nguvu ya kurudia mtihani, yeye amekosa nini? Sioni kosa. Hajamtwisha mtu mzigo, amejitafutia tumaini kwa Mungu yuleyule aliyewapa tumaini mateka. Na tukitaka kuwa wakali kupita kiasi, Mathayo mwenyewe, sura ya 2 aya ya 15, alichukua maneno ya Hosea 11:1 kuhusu mwana aliyeitwa kutoka Misri, maneno ambayo katika Hosea yanaizungumzia Israeli ya zamani, akayaweka kwa mtoto Yesu. Kuiazima aya nje ya tukio lake la kwanza si dhambi kwa yenyewe. Kwangu swali ni hili: aya ikishaazimwa, nani anabeba mzigo? Mwanafunzi anabeba wake. Nabii anamtwisha mwingine.

Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi ziwani. Mitumbwi mingi inayoegeshwa kwenye mialo yetu ina majina ya Biblia yaliyopakwa kwa rangi ya mafuta: Isaya 54:17, Zaburi 23, Ebenezeri, Wafilipi 4:13. Nayapenda majina hayo. Mtu anayeingia majini usiku kuvua dagaa kwa taa, giza la mwezi, upepo ukijigeuza utakavyo, ana haki ya kuandika chochote kinachomtuliza. Mbavuni mwa mtumbwi mmoja nimeona "Kila silaha itakayofanyika juu yako" ikaishia hapo kwa sababu mbao zilikwisha, na nikaona mpakaji ana Imani kubwa kuliko vipimo vyake. Shida huanza aya ikitamkwa na tajiri. Tajiri, kwa wasioishi huku, ndiye mwenye mtumbwi, nyavu na mashine, na mara nyingi haendi majini. Vijana wakisema leo maji ni mabaya, au wakiuliza maboya ya kujiokolea yako wapi, wanajibiwa kwa Zaburi 91: malaika watawalinda, msiwe na imani haba.

Nadhani hakuna mahali Biblia yenyewe imeionyesha hila hii wazi kuliko Mathayo 4. Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamsomea zaburi hiyohiyo ya 91. Wahubiri wengi hueleza kwamba aliyaruka maneno "katika njia zako zote", na kwamba alinyamaza kabla ya aya ya 13 inayosema habari za kumkanyaga nyoka. Ni kweli, na inafaa sana hoja yangu: alikatia pale alipokaribia kutajwa. Ila kuna jambo lingine lisilosemwa. Shetani hakujitolea kuruka. Alimwambia mwenzake jitupe. Tajiri anayesoma Zaburi 91 akiwa amevaa kandambili kavu ufukweni amesimama mahali palepale.

Na msiba ukitokea, aya nyingine inakuja. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa kuingia Mwanza, mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Kuna familia Ukerewe na Bukoba ambazo mpaka leo zinahesabu umri wa watoto kwa ajali hizo. Katika misiba ya majini, ya meli kubwa na ya mitumbwi isiyofika kwenye magazeti, utasikia: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Ayubu 1:21. Ayubu aliyasema maneno hayo, ndiyo. Aliyasema juu ya watoto wake mwenyewe, akiwa amerarua joho lake na kunyoa kichwa. Mama aliyempoteza mwanawe akisema hivyo, tunanyamaza na kulia naye. Aliyejaza chombo, au aliyetakiwa kukikagua akapokea chochote akafumba macho, akiyasema maneno hayohayo kwa mama yule, ameyageuza kuwa kauli ya kujitetea. Herufi hazijabadilika hata moja. Rafiki watatu wa Ayubu walikuja na maneno mengi mazuri ya dini kumweleza kwa nini yamempata. Mwisho wa kitabu, 42:7, Mungu anawaambia hawakunena yaliyo sawa.

Inafaa kukumbuka pia kwamba hizi aya, kwa maana ya vipande vyenye namba, hazikutoka kwa Musa wala Paulo. Mgawanyo wa sura tulionao unahesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, Mwingereza wa karne ya 13 aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Canterbury. Namba za aya za Agano Jipya zilitiwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Zinasaidia kutafuta mahali, na bila hizo ibada ingechelewa, lakini zimetupa mazoea ya kuuziana neno kwa vipande, kama wanunuzi wa mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) wanaomtaka sangara tumbo tu. Mara nyingine hata mstari wa sura umekaa vibaya. Wakolosai 3 inawaambia watumwa wawatii mabwana zao, na sura inakwisha. Mabwana wanaambiwa nao wawape watumwa haki na adili, wakijua kwamba nao wana Bwana mbinguni, lakini hiyo ni 4:1. Msomaji asiyetaka kufika huko ana kisingizio kizuri: sura imekwisha.

Wako waliokata kwa mkasi halisi. Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia ya vipande teule kwa ajili ya watumwa Waafrika wa visiwa vya West Indies vilivyokuwa chini ya Uingereza. Safari ya Waisraeli kutoka utumwani Misri iliondolewa. Agizo la watumwa kutii lilibaki. Hakuna haja ya kuwafafanulia wasomaji wa Kanda ya Ziwa kwa nini.

Sisi hapa tuna wa kwetu. John Hanning Speke, msafiri Mwingereza, aliliona ziwa hili akiwa upande huu wa Mwanza mwaka 1858, akalipachika jina la malkia wake, na ghuba iliyoko mashariki yetu bado inaitwa kwa jina la Speke mwenyewe. Katika utangulizi wa kitabu chake cha safari kilichotoka 1863 aliandika kwamba Mwafrika ni ushahidi hai wa Maandiko, kwa kuwa ndugu yetu mkubwa Hamu alilaaniwa na baba yake Nuhu awe mtumwa wa ndugu zake. Sasa fungua Mwanzo 9. Nuhu alikuwa ameamka kutoka kwenye ulevi. Mungu hasemi neno lolote pale. Na anayelaaniwa siye Hamu, ni Kanaani, mmoja wa wana wanne wa Hamu, aliyehesabiwa pamoja na Kushi, Misri na Putu katika sura ya 10. Speke alikuwa na Biblia ya Kiingereza inayosema hivyohivyo. Alikatia wapi? Pale ambapo angelazimika kuuliza ni haki gani mtu wa taifa lililotajirika kwa utumwa anayo ya kuitamka laana ya Nuhu kwa niaba ya Mungu. Ajabu zaidi, kitabu hichohicho kilidai kwamba watawala wa falme za maziwa makuu ni kizazi kilichotoka upande wa Ethiopia, bora kuliko waliotawaliwa, na waliokuja baadaye wakalibeba jina la Hamu kuwaita watawala hao. Hamu yuleyule akawa laana kwa mmoja na cheo kwa mwingine. Rwanda na Burundi zililipa gharama ya nadharia ile.

Tulikofika sasa ndipo napaogopa zaidi, kwa sababu panaua. "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Kutoka 22:18. Mauaji ya vikongwe katika Usukuma hayakuletwa na Biblia, na sitaki kusingizia. Yana mizizi yake: ramli chonganishi, ugomvi wa mashamba, wivu, urithi, na macho mekundu ya bibi aliyepika miaka hamsini kwa kuni na mavi ya ng'ombe makavu ndani ya jiko lisilo na dirisha. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, na polisi wa kanda hii wamekuwa wakilitaja jina hilo la ramli chonganishi kila mara wanapotoa taarifa zao. Lakini aya hii imekuwa ikitoa baraka. Mganga humtaja bibi kwa fumbo, kisha kijana anakwenda kwenye maombi, na huko anaambiwa kwamba kuna mwanamke mzee upande wa baba anayeshikilia nyota yake. Sauti mbili zimekubaliana. Wa pili ana kitabu, na kitabu kina aya.

Sasa baki kwenye ukurasa uleule. Hesabu aya nne kutoka ile ya 18. Aya ya 22 inakataza kumtesa mjane yeyote na mtoto yatima. Ya 23 na ya 24 zinasema wakilia, Mungu atakisikia kilio chao, na hasira yake itawaka, naye atawaua watesaji kwa upanga hata wake zao wawe wajane. Bibi anayeviziwa usiku kwa mapanga mara nyingi ni mjane. Ndiyo maana anaishi peke yake na ndiyo maana shamba linagombaniwa. Kwa hiyo sheria inayomlinda imeandikwa sentimita chache chini ya ile anayouawa kwa jina lake, na hukumu ya kifo iliyo ndani yake inawaelekea waliomfuata usiku. Tena Torati hiyo haikumruhusu mtu kuhukumiwa kufa kwa neno la shahidi mmoja. Kumbukumbu la Torati 17:6 inataka wawili au watatu. Ndoto ya mpwa si shahidi.

Aya ya 25 inafuata, na hii nayo ingefaa mji huu. Ukimkopesha maskini aliye kwenu, usimfanyie kama mdai, wala usimtoze riba. Ya 26 na ya 27: ukichukua nguo ya jirani yako kuwa rehani, mrudishie kabla jua halijachwa, maana ndiyo pekee ya kujifunika, atalala na nini? Huku kwetu kuna mikopo inayoitwa kausha damu, na jina limejieleza. Mkopeshaji huja na vijana na kirikuu, wakachukua kitanda, friji, cherehani, mbele ya watoto. Baadhi ya wakopeshaji hao huimba kwaya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwekwa ili kuwe na utaratibu, lakini nashangaa kwamba mtu anaweza kukumbuka Kutoka 22:18 kwa moyo, na namba yake, na asijue kwamba aya nane mbele yake cherehani ya jirani imo.

Wasomi wasifurahi mapema. Nao wana kisu chao, na wamekipa jina zuri la muktadha. Tajiri aliyeambiwa auze vyote alivyo navyo awape maskini, Marko 10, akisomwa na watu wenye viwanja Capri Point, mtaa wa matajiri, hupewa muktadha mwingi mpaka haonekani tena: lile lilikuwa jaribio la mtu mmoja, moyo wake, mazingira ya wakati ule. Lakini zaka ya Israeli ya kale, iliyokuwa nafaka na mifugo na iliyokuwa na hekalu na Walawi, haipewi muktadha wowote, inakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Muktadha unaoitwa kuja pale tu mfuko wangu unapotikiswa ni mkato uleule, umevaa tai.

Ndiyo maana siamini kwamba dawa ni semina. Kinachofanya kazi, kwa nilivyoona, ni kitu kidogo na cha kuchosha: kusoma sura yote, kwa sauti, zamu kwa zamu, bila mtu mmoja kuchagua pa kuanzia na pa kuishia. Jumuiya moja ndogo ya mitaa ya Igoma ilianza hivyo na kitabu cha Kutoka, sura moja kila wiki, kila mtu aya tano, watoto wakiwemo. Sura ya 22 iliwakuta nyumbani kwa mzee mmoja anayekopesha. Mtoto wa darasa la sita alikuwa amepewa kuanzia aya ya 21. Alipomaliza ya 24 mzee akatazama saa ya ukutani, akasema muda umekwenda, tufunge kwa sala. Wakafunga. Wiki iliyofuata walikutana nyumba nyingine, na mtoto akaanzia aya ya 25.